Mwaka Kisiwa Kilipotikisika

Mimi Kamakis, kule kwenye mabanda ya nyama choma, sipendi. Moshi wa nyama unaingia mpaka kwenye kitambaa cha kichwa, muziki unakugonga kifuani, na vijana wanakuvuta mkono kila mmoja akitaka ukae kwake, utadhani unagombewa mahari. Lakini mjukuu wangu Kim ndiye aliyekuwa analipa, na mwenye kulipa ndiye mwenye kuchagua. Alisema wageni wote wa Ruiru siku hizi hupelekwa huko. Mgeni mwenyewe alikuwa Aoko. Tangu tukiwa wasichana wenye meno yote kinywani sikuwa nimemwona tena, na sasa alikuwa ameletwa na kitukuu wake anayesoma Juja, akateremka garini polepole, fimbo kwanza, mguu baadaye. Tulishikana mikono tukaangaliana. "Nyokabi, umezeeka, yawa!" akaniambia. "Kumbe ulidhani utazeeka peke yako?" nikamjibu, tukacheka mpaka tukalia. Nilingoja aniulize habari ya watoto, ya magoti, ya presha, maana hayo ndiyo mazungumzo yetu sisi wa umri huu. Hakuuliza. Alisogeza sahani ya nyama pembeni, akainama karibu na sikio langu. "Kile kiazi cha Kamau," akasema. "Mlikichimba?" Vijana wakatazamana. Kim akaniuliza, "Shosho, mko sawa?" Tulikuwa sawa kabisa. Ila mimi sikuweza kujibu palepale, kwa sababu swali lile lina jibu la zamani, na lina jibu lingine ambalo siku ile lilikuwa bado liko ardhini nyuma ya nyumba yangu.

Ilikuwa katikati ya ile miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya Mzungu ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Tulikuwa tumehamishwa kwenye migongo yetu, ile miinuko tuliyoishi na kulima, tukarundikwa katika kijiji kimoja nje ya Ruiru, nyumba zimebanana hivi kwamba ukipiga chafya jirani anakuombea. Kulikuwa na handaki kuzunguka kijiji, na lango, na hom gadi wa kulinda lango, na saa za kutoka kwenda shambani na saa za kurudi. Nilikuwa nimeolewa juzi juzi tu. Mume wangu Kamau alichukuliwa na askari kwenda kizuizini kabla sijazoea hata jinsi anavyokohoa asubuhi, na baada ya kukaa bila habari, mtu mmoja aliyeachiliwa alituambia kwamba Kamau amepelekwa kisiwani, na wanaume wengine wa kwetu pia. Basi. Kisiwa gani, hakujua. Wengine walisema kiko ziwani, wengine wakasema baharini. Kwetu sisi maji yalikuwa maji. Nikabaki na mama yake katika chumba kimoja cha udongo, kitanda chake huku, changu kule, mafiga matatu katikati. Nilimwita Maitu, kama mtu anavyomwita mama yake wa kumzaa. Yeye aliniita Muhiki, yaani bibi harusi, na aliendelea kuniita hivyo hata nilipokuwa nimekonda kama ufagio.

Sasa, lazima nieleze jambo la kisiwa, maana vijana wa leo wamekiona kwenye simu. Kwenye mgongo wetu hakuna mtu aliyewahi kuona kisiwa. Tulichokuwa nacho ni kinamasi, chini ya mashamba, kilichojaa mafunjo. Katikati ya kinamasi mafunjo yalikuwa yameshikana mizizi yakawa kama mkeka mkubwa unaoelea, na nyasi zimeota juu yake, hata ndege wanajenga. Ng'ombe wa jirani alishawahi kuufuata ule ukijani, mkeka ukainama upande mmoja, na ng'ombe akaonekana pembe tu, kisha hata pembe hazikuonekana. Kwa hivyo tulipoambiwa Kamau yuko kwenye nchi iliyozungukwa na maji pande zote, kila mmoja wetu aliuona ule mkeka wa mafunjo. Tuliona kambi imejengwa juu yake, na watu wanatembea polepole ili usiiname. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Tulijifundisha wenyewe, na somo lile tulilijua vizuri sana.

Na jambo la pili ni kiazi. Kwetu, kiazi kikuu ni mali ya mwanamume. Mwanamke atapanda maharagwe, mahindi, viazi vitamu, atalima mpaka mgongo upinde, lakini kiazi kikuu hupandwa na mwanamume chini ya mti wake, na mwanamume huyo ndiye huchimba. Kamau alikuwa amepanda kimoja chini ya mti wa mukungugu shambani kwetu kabla hajachukuliwa. Mmea ulikuwa umepanda mti wote, majani yamening'inia, na udongo chini umepasuka kwa unene wa kiazi. Njaa ilikuwa kijijini, na kila aliyepita pale alikitazama na kumeza mate. Maitu hakukubali kiguswe. Kukichimba wakati mwenyewe hayupo ni kusema kwamba hatarudi. Kaka yake Kamau, Mburu, alikuwa na watoto wengi na sauti kubwa, naye alikuwa akipita pale anasema, "Asiyekuwepo na lake halipo, Maitu." Mama yake anamjibu, "Sema hivyo tena ukiwa umesimama mbali na fimbo yangu." Watu wanacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua methali ile haikuishia kwenye kiazi. Kama Kamau hayupo, basi na shamba lake halikuwepo, na mimi pia ningeenda kwa Mburu kuwa mke wa pili, kama ilivyokuwa desturi. Mburu hakuwa mtu mbaya. Lakini nilikuwa simtaki, simtaki, simtaki!

Asubuhi lori lilitubeba wanawake kutoka lango la kijiji hadi Thika, kwenye banda la kuchambua kahawa. Tulikaa kwenye mabenchi pande mbili za meza ndefu, kahawa ikimwagwa mbele yetu, sisi tunatoa mbovu kwa vidole: iliyoliwa na mdudu, iliyovunjika, nyeusi. Vumbi lake lilikaa kooni mpaka jioni. Aoko alikaa kushoto kwangu. Mume wake alifanya kazi reli, wakaishi kwenye laini za wafanyakazi pale Thika, na alikuwa wa kwanza kunifundisha kwamba mtu wa mbali anaweza kukujua kuliko jirani. Vidole vyake havikusimama, na mdomo wake pia haukusimama. Karani wetu alikuwa na redio dirishani, naye aliiwasha wakati wa habari ili tujue kwamba ana redio. Siku moja, mashine zimepunguza kelele, tulisikia msomaji akisema kwamba tetemeko dogo la ardhi limetokea karibu na visiwa vya mbali, na kwamba hakuna aliyeripotiwa kuumia. Jina la visiwa alilitaja, jina refu la kigeni, likapita kama gari moshi lisilosimama stesheni yetu. Kisha akasoma bei za mazao. Nilitazama meza. Mikono yote ilikuwa imesimama, mingine ina kahawa kati ya vidole. Nyapara akapiga kelele, "Nyinyi akina mama, mnaomba ama mnachambua?"

Habari ilifika kijijini kabla ya lori letu. Mpaka leo sijui ilipita njia gani. Nami niliporuka chini langoni nilikuta wanawake wameshika vichwa, na lile neno "dogo" lilikuwa limeshapotea njiani, kama kifungo. Sasa lilikuwa tetemeko, na visiwa vimepinduka, na watu wetu wamemwagwa majini. Nikasema, "Hapana, redio imesema dogo, hakuna aliyeumia." Mama mmoja akanigeukia, "Na nani ataripoti, ikiwa wote wamezama?" Ngai! Wanasema lisemwalo lipo, kama halipo laja njiani, na mimi nilisimama pale nikihisi kwamba linakuja, na linakuja kwangu.

Maitu nilimkuta ameketi kando ya mafiga bila moto. Hakulia. Aliniambia kwamba alipokuwa msichana nchi ilishawahi kutikisika, vibuyu vikagongana ukutani, mbuzi wakalia, na bibi yake akasema ni nchi inajigeuza upande mwingine ilale vizuri. "Hapa petu ilijigeuza tu, Muhiki, tukaendelea kula," akasema. "Lakini huko kwa Kamau chini hakuna nchi. Chini ni maji." Tangu siku hiyo sisi wawili hatukujua kukaa. Nilifagia uwanja uliokuwa umefagiwa. Nilienda mtoni na mtungi uliojaa. Nilianza wimbo wa kanisani nikausahau katikati. Yeye alikuwa anatoka nje, anatazama anga, anarudi, anatoka tena, mpaka nikamwambia, "Maitu, kaa basi!" Akanijibu, "Kaa wewe kwanza nione jinsi watu wanavyokaa." Na kila jioni Mburu alipita mlangoni. Mara hii hakusema methali yake. Alisema tu, kwa upole, kwamba watoto wamelala njaa tena. Upole wake uliniogopesha kuliko kelele zake.

Jumapili iliyofuata Aoko alikuja kututembelea na kifurushi cha omena, wale dagaa wa ziwani kwao. Hom gadi wa langoni alikinusa akamruhusu kupita upesi. Wakati ule mtu wa kwetu alikuwa hali samaki. Samaki alikuwa jamaa wa nyoka, ukimaliza kumtazama unanawa. Aoko hakujali. Aliinjika chungu chetu, akakaanga omena zake na kitunguu, chumba kikajaa harufu, nami nikakaa karibu na mlango nipate hewa. Maitu alitazama yale macho madogo kwenye chungu. "Mtoto wangu," akamwambia Aoko, "wewe umezaliwa karibu na maji makubwa. Niambie. Watu wa kisiwani wanakula nini?" Aoko akasema, "Samaki, mama. Kuna nini kingine?" Maitu akashika kifua. "Uui! Kamau anakula hii?" Na nawaambia kweli, kwa dakika ile alisahau tetemeko. Aliomboleza samaki. Halafu akanyoosha mkono, akachukua omena mmoja kwa vidole viwili, akafumba macho, akatafuna. Akachukua mwingine. "Kama yeye anakula," akasema, "basi na mimi nitakula." Alimaliza sahani, machozi yakimtoka, na sikujua ni ya Kamau au ya samaki.

Kisha akauliza lile lililomleta karibu na chungu. "Na kisiwa chenyewe, mtoto wangu, kinaelea?" Aoko alicheka kwanza, akaona hatucheki, akaacha. "Hapana, mama. Kisiwa ni mlima tu, umesimama ndani ya maji. Miguu yake iko chini." Nikapumua. Lakini Aoko hajui kuacha maneno mahali pazuri. "Ingawa," akaendelea, "kwetu viko na vingine vinaelea, vya mafunjo. Upepo unavisukuma. Asubuhi unakiona hapa, jioni kiko kule. Lakini huko nani anaweza kujenga kambi?" Nilimkanyaga mguu, lakini alikuwa ameshasema. Maitu alisimama akachukua mukwa wake, ule mkanda wa ngozi tunaobebea kuni kichwani. "Twende," akasema. "Twende wapi?" "Kwenye mafunjo. Nataka kuona."

Saa za shambani zilikuwa zimefunguliwa, tukapita langoni kama watu wanaoenda kuchuma mboga. Kwenye ukingo wa kinamasi alijifunga mukwa kiunoni, mimi nikashika upande mmoja, Aoko akashika wa pili, huku akiniambia kwa Kiswahili na kwa Kijaluo kwamba sisi watu wa milimani tuna wazimu. Maitu alivua viatu, akaukanyaga ule mkeka. Ukainama. Akakanyaga mbele zaidi, maji yakamfika vifundoni. "Maitu, inatosha!" nikapiga kelele. "Nyamaza, Muhiki, shika kamba." Kisha yule mama, ambaye hata kanisani hakuwa akipiga makofi, aliruka. Aliruka juu akatua kwa miguu miwili, mkeka wote ukatikisika mpaka ndege wakatoka upande wa mbali, maji yakampanda magotini, Aoko akaita mama yake, mimi nikavuta kwa nguvu zote. Lakini Maitu alikuwa amesimama, mikono imetanda, anatazama miguu yake. Mafunjo yalikuwa yanapanda tena polepole, maji yanateremka, magotini, vifundoni. Akaruka tena, ukazama, ukarudi. Alitugeukia uso wake umejaa matope na furaha. "Kinatikisika," akasema, "lakini kinarudi juu! Mmeona? Ng'ombe alikuwa mzito na mjinga. Kamau si mzito." Aoko alinitazama. Hakuna aliyethubutu kumwambia tena kwamba kisiwa ni mlima. Mimi mwenyewe nilikuwa natabasamu kama mpumbavu, maana nilikuwa nimeona kwa macho yangu kikirudi juu.

Tulipopanda shambani tulimkuta Mburu chini ya mukungugu. Alikuwa na mti wa kuchimbia ulionolewa ncha, na pamoja naye wazee wawili wa ukoo wa kushuhudia. Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo limeshapangwa. Maitu hakusema hata salamu. Alienda na matope yake akaketi juu ya lile tuta, miguu mbele, kiazi chini yake. "Chimba," akamwambia mwanawe. "Anza na mimi." Mburu aliwageukia wazee, jasho likimtoka. "Mimi sina ubaya na mtu. Dunia nzima imesikia habari. Watoto wangu wanalala na maji moto. Mwacheni Maitu aseme ukweli, Kamau hayupo." Mzee mmoja, jicho lake moja lilikuwa jeupe, akasema kwamba mama hawezi kuulizwa, mama ni mama. Akanitazama mimi. "Aulizwe mwenye mume. Wewe, Muhiki. Mumeo yuko hai ama amekufa?"

Nilikuwa sijawahi kusema mbele ya wazee. Aoko alikuwa nyuma yangu, nilisikia anavyopumua. Nikisema yuko hai, wangeniuliza nimejuaje. Nikisema sijui, Mburu angechimba. Nikavuta kitambaa changu nikakitoa kichwani, nikasimama mbele yao na nywele zangu wazi. "Kama amekufa, mimi ni mjane," nikasema, "na mjane hunyolewa. Sasa nani amekuja na wembe? Ninyoeni kwanza, hapa, halafu mchimbe." Mburu akatazama chini. Yule mzee mwenye jicho jeupe akasogea nyuma hatua moja, kwa sababu kila mtu alijua kwamba kumnyoa mke wa mtu aliye hai ni kumwita huyo mtu kaburini kwa jina lake. "Sikuja na wembe," akasema. "Wala mimi," akasema mwenzake. Nikamwambia Mburu, "Basi wewe, shemeji. Kuna kisu kiunoni mwako." Sauti yangu ilikuwa kali mpaka ikanishangaza. Mburu akautupa ule mti wa kuchimbia kwenye majani, akaketi chini palepale, akalia. Tulikuwa hatujamwona akimlilia mdogo wake. Kumbe naye alikuwa anangoja mtu amwambie kwamba huenda bado yuko hai. Maitu akamwita kama mtoto, "Njoo, kuna samaki nyumbani," naye akakasirika sana kwa kutajiwa samaki.

Muda si mrefu baadaye, mume wa Aoko alihamishwa na reli, wakarudi upande wa Kisumu, na nafasi ya kushoto kwangu ikapewa mwanamke mwingine asiyeongea. Ndiyo maana Aoko hakujua mwisho. Mwisho ni kwamba mwaka ule haujaisha, jioni moja, mtu mwembamba alisimama langoni akiwa na blanketi begani, na hom gadi wakaagiza niitwe niseme kama namjua. Sikumjua. Kisha akakohoa. Maitu alimshika uso, akamnusa, akamuuliza swali lake la kwanza: kisiwa kilipotikisika alishika nini? Kamau akamtazama, akanitazama. "Kisiwa kipi, Maitu? Huko nilitolewa zamani. Nimekuwa nchi kavu, nachimba mtaro kwenye jua. Na kisiwa chenyewe ni mawe matupu, hakiwezi kutikiswa na mtu." "Na samaki?" "Samaki gani?" Maitu aliketi chini akacheka mpaka majirani wakaja. Asubuhi Kamau alichimba kiazi chake. Kilikuwa kikubwa kuliko mtoto, na kigumu, nyuzi tupu katikati, tulikichemsha mpaka jioni na bado kikatuuma meno. Kipande cha kwanza alimpa Mburu. Kichwa cha kiazi alikirudisha palepale chini ya mti kiote tena, kama inavyofanywa, na akafanya hivyo miaka yote tuliyoishi hapo baada ya kijiji kuvunjwa, anachimba, tunakula, anarudisha kichwa.

Hilo ndilo nililomwambia Aoko pale Kamakis, nikimpigia kelele sikioni kwa sababu ya muziki. Akafurahi, akapiga meza. Akaniuliza, "Na yeye Kamau, amebaki nyumbani?" Nikamwambia alizikwa. Nikamwambia pia lile ambalo wanangu wamechoka kulisikia: kwamba kiazi alichokipanda mwisho bado kipo, kwamba wanataka kuung'oa mti wajenge nyumba za kupangisha, na kwamba nimewaambia mwenye kukigusa aanze na mimi. Aoko akanyoosha mkono wake uliojaa mikunjo, akavuta kitambaa changu nyuma kidogo, akaziangalia nywele zangu nyeupe. Sikuwa nimenyolewa. Siku ya mazishi watoto walisema mambo hayo yamepitwa na wakati, ni ya kishenzi, nami nilikubali haraka mno. "Nyokabi," akasema, "mlima uko na miguu chini. Lakini mtu hana. Akizama, harudi juu."

Tuliacha nyama yote mezani, Kim akilalamika kuhusu pesa zake. Nyumbani nilimpa Kim jembe nikamwonyesha chini ya mukungugu. "Shosho, si ulisema hakiguswi?" "Chimba," nikamwambia. Aoko alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, nami nikaketi mbele yake chini, kwenye mkeka, mgongo kwenye magoti yake. Wembe ulikuwa wa mjukuu wangu, wa kunyolea ndevu. Alininyoa polepole kwa sababu mikono yake inatetemeka, huku Kim akitoa udongo na kutoa udongo, mpaka nikasikia jembe limegonga kitu kizito. Nikafumba macho. "Ni kikubwa, Shosho!" akapiga kelele kutoka shimoni. "Sasa hii kichwa yake niweke wapi?" Upepo ulikuwa baridi kwenye upara wangu. Nilimwambia akirudishe palepale, akishindilie vizuri, kwa kuwa kuanzia leo ni chake.